Taa Mbili za Kushoto

"Viti kwanza, halafu rangi, halafu..."

"Viti! Gari halina breki, we unanitajia..."

"Nisikilize basi, mtu akikaa pale springi inamtoboa..."

"Mtu gani? Tunabeba mikate. Mikate ina makalio?"

Kwa kweli mikate haina. Mume alikunja mikono kifuani akageukia ukutani, kana kwamba ukuta ungemtetea. Mkewe alikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake. Neno BREKI lilikuwa limepigiwa mstari mara tatu, na neno VITI limekatwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Andika unavyotaka," akasema mume. "Si pesa zako."

"Ni zetu. Ndiyo maana nauliza."

"Wewe huulizi. Unahoji."

Mtaani walimwita Mama Stoo, na hawakuwa wanatania. Mwaka wa kumi na nne huu alikuwa anatunza stoo ya hosteli ya wanafunzi, chumba kisicho na dirisha chenye mifagio, sabuni, balbu na mashuka, na sheria yake ilikuwa moja tu: hutoki na kipya kabla hujaleta cha zamani. Unataka ufagio? Leta kigutu. Balbu imeungua? Ije hivyohivyo imeungua. Mkuu wa hosteli mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni, na tai yake shingoni, akafuate mpini wa dekio.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Kila kinachotolewa kwenye gari kije hapa nyumbani. Nikione, nikishike. Ndiyo nitoe hela ya kinachofuata."

"Unataka kujaza vyuma sebuleni?"

"Nataka kulala usingizi."

"Mimi mumeo, siyo mfagiaji wa hosteli."

"Mfagiaji wa hosteli namjua miaka kumi, na hajawahi kuniambia viti kabla ya breki."

Lilikuwa jambo la kugombaniwa kweli. Mume alikuwa dereva kwa miaka ishirini na sita, mpaka miezi mitano iliyopita kampuni ilipopunguza watu, au ndivyo alivyosema. Tangu hapo nyumba ilikuwa inakula mshahara mmoja, na mshahara wa stoo si wa kuliwa na watu wawili wenye meno. Ndipo kiwanda cha mikate kikatangaza kinatafuta wasambazaji wenye magari yao. Wao walikuwa nalo, kama lile unaweza kuliita gari: pikapu iliyokaa uani juu ya matofali mpaka kuku wa jirani wakaizoea. Walilipa dhamana laki mbili, wakapewa njia, na tarehe. Tarehe moja mkaguzi wa kiwanda angeangalia vitu vitatu: breki, taa, matairi. Gari likipita, kazi imeanza. Lisipopita, njia anapewa mwingine na dhamana hairudi.

Zilibaki siku thelathini na nane na laki tisa za upatu. Zamu ya Mama Stoo kwenye upatu ingezunguka tena baada ya mwaka na nusu. Hakukuwa na laki tisa nyingine mahali popote duniani.

*

Pikapu ilivutwa kwa kamba hadi gereji ya Kimya. Huyu alipewa jina la Kimya kwa sababu hanyamazi. Anazungumza akiwa chini ya gari, anazungumza na spana mdomoni, na wateja wake wanasema ukitaka kujua bei ya kweli usimuulize, msubiri tu, ataitaja mwenyewe katikati ya habari nyingine.

Vyuma vikaanza kuja nyumbani. Kwanza pedi za breki, zimelika hadi chuma. Mama Stoo akazigeuza, akazinusa, akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi akakibandika. Akatoa hela. Ikaja mikanda ya injini, imepasukapasuka kama kisigino. Akatoa hela. Ikaja rejeta yenye kutu, ikachafua kitambaa cha kochi, akagomba nusu saa, akatoa hela. Mgeni akija alikaribishwa kati ya rejeta na silensa, akaambiwa ajisikie nyumbani.

Kwa sheria yake, kila kitu kilikuwa sawa. Kilichomkera ni mumewe. Zamani akitoka gereji alikula huku anasimulia, mpaka unajua nati gani iligoma na ilitukanwa vipi. Sasa alikuwa anaweka mfuko chini, anasema "hiyo hapo," anakaa. Ukimuuliza linaendeleaje, anasema linaendelea.

"Jumamosi nitakuja nilione," akasema mkewe.

"Kuna oili kila mahali. Utateleza."

"Nitavaa viatu vya mvua."

"Na mafundi wanatukana."

"Wanafunzi mia tatu wamenitukana kwa ajili ya sabuni. Nimezoea."

"Nimesema usije!" Akaipiga meza, na glasi iliyokuwa pembeni ya kiwiko chake ikaanguka ikavunjika. Aliiangalia sakafu kwa muda mrefu, hakuinama kuokota. Mkewe ndiye aliyeokota, kipande kimoja kimoja, huku moyoni anasema: haya, huyu ana jambo.

Na jambo, kwa mwanamke mwenye akili timamu, lina majina mawili tu. Ama ni mwanamke, ama ni fundi anakula na mumewe sahani moja.

*

Wifi yake ndiye aliyeleta jina la kwanza. Alikuja kuazima pasi, akakaa saa mbili.

"Wifi, mimi si mtu wa maneno," akaanza, na Mama Stoo akavuta kiti karibu, maana mtu akianza hivyo maneno yapo. "Kaka yangu nampenda. Lakini nimemwona. Lile jengo lenye duka la dawa chini, ghorofani sijui kuna nini. Nimemwona anashuka ngazi."

"Mtu hawezi kushuka ngazi?"

"Ameshikwa mkono."

"Na nani?"

"Mwanamke. Kijana. Gauni la bluu, limembana hapa." Wifi akaonyesha lilipobana. "Anamshusha polepole, ngazi kwa ngazi, kama bwana harusi. Na kaka yako... kaka yangu, anacheka."

"Lini?"

"Mara ya kwanza Jumanne. Ya pili Alhamisi ya wiki iliyofuata."

"Kwa hiyo ulirudi kuangalia."

"Nilikuwa napita, wifi! Miguu ni yangu."

Siku zote mbili zilikuwa za gereji. Siku zote mbili mfuko wa vyuma ulikuja na hela ikatoka. Mama Stoo alimpa wifi yake pasi, akamsindikiza hadi barabarani, akamwambia salamu nyumbani. Kisha akarudi akakaa mbele ya vyuma vyake akaanza kuvitazama upya, kimoja kimoja, kama hakimu anayeitisha mashahidi aliokwisha kuwaamini.

*

Taa ndizo zilizosema.

Zilikuja siku mbili tofauti, moja Ijumaa na nyingine Jumatatu, na kila moja alikuwa ameilipia mwenzake mpya. Alizipangusa vumbi akaziweka mezani pamoja. Zikakataa kukaa vizuri. Zote mbili zilikuwa zimepindia upande uleule, kama watu wawili wanaomchungulia mtu mmoja mlangoni. Alizigeuza, akazibadilisha nafasi, akarudi nyuma hatua moja.

Aliwahi kuona kitu kama hicho. Mwaka mmoja hosteli ilipokea gunia la viatu vya mvua, ishirini, vyote vya mguu wa kushoto, na aliyevileta aliapa kwa mama yake kwamba havina tofauti ukishazoea. Mama Stoo alimrudisha na gunia lake.

Hizi zilikuwa taa mbili za kushoto. Na gari lao, pamoja na uzee wake wote, lilikuwa na upande wa kulia.

Kilichomchoma zaidi si wizi. Ni dharau. Mtu ameendesha miaka ishirini na sita, anajua gari kwa mlio wake likiwa mtaa wa pili, hawezi kukosea kushoto na kulia. Kwa hiyo alijua, na alileta hivyohivyo, akijisemea: mke wangu ni wa mifagio, taa atazijulia wapi?

*

Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, ya kwanza tangu mwaka juzi. Alizitia taa kwenye mfuko, akaenda na koti lake la kijivu la stoo, hakuvaa viatu vya mvua.

Jua lilikuwa kali, gereji yote inameta mabati. Kimya alikuwa amelala chini ya teksi ya mtu, miguu tu nje, anamsimulia mwenye teksi habari za shemeji yake aliyeoa mara mbili mwezi mmoja. Kule mwisho, chini ya turubai, ilikuwepo pikapu. Boneti limefungwa. Na pale mbele, kila moja mahali pake, zilikuwepo taa zake za zamani, za siku zote, zimepauka na kupasuka, zinamtazama Mama Stoo kama watoto waliofichwa.

Ndani ya gari alikaa mumewe. Mikono kwenye usukani, gari halina hata betri.

Mama Stoo alienda akasimama mbele kabisa, hatua kama nane kutoka kioo, mfuko mkononi. Alitaka amwone, abadilike rangi, aanze kujikanyaga kwa uongo. Mume akainua kichwa, akamtazama usoni. Akaendelea kumtazama. Kisha akatoa shingo dirishani akaita:

"Fundi! Kuna mteja."

"Mteja?" akasema Mama Stoo. "Mimi leo mteja?"

Mikono ya mume ikateleza kwenye usukani. Miguu ya Kimya ikatulia. Yule shemeji aliyeoa mara mbili akaachwa palepale, hajui ataishia wapi na wake zake, na kwa mara ya kwanza tangu gereji ifunguliwe Kimya alifanana na jina lake. Mwenye teksi alipoona hivyo akasema anakwenda kununua vocha.

"Toka nje, Dereva," akasema Mama Stoo. Alipokuwa na hasira alimwita kama wanavyomwita watu. "Na wewe fundi, toka huko chini. Hizi taa zimetoka gari gani?"

Kimya akatoka kwa mgongo, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono. "Shemeji," akasema. Akaishia hapo.

"Pesa ya taa iko wapi? Ya rejeta? Maana nikifungua hilo boneti sasa hivi nitaikuta rejeta yangu imo, kweli si kweli?"

"Imo," akasema mume.

"Imo! Na ile iliyoharibu kochi langu?"

"Ya kwenye chuma chakavu, kule nyuma."

"Na huyo wa gauni la bluu? Naye amenunuliwa spea gani?"

Mume alifungua mdomo, na jambo la ajabu, akacheka kidogo. "Nani kakwambia? Yule ni nesi."

"Nesi! Wote ni manesi siku hizi."

"Mwambie, kaka," akasema Kimya. "Mimi jina langu ni hili tu, na mtaa huu ukishaniita mwizi sina pa kulifulia. Mwambie, au nitamwambia."

Dereva alishuka. Mkewe aliona anavyoshuka: mkono kwanza kwenye mlango, mguu ukapapasa hewani ukitafuta ardhi, kisha kituo. Alikuwa ameona mara mia nyumbani akadhani ni magoti.

"Macho, mama," akasema. "Pembeni giza, katikati ukungu. Kampuni haikupunguza watu. Walinipunguza mimi. Walituweka mbele ya ubao wa herufi, nikasoma mstari wa kwanza kwa kukisia na wa pili kwa kumsikiliza mwenzangu."

"Muongo."

"Haya."

"Juzi umechagua mnofu mkubwa kwenye sufuria. Uliuonaje?"

"Kwa kijiko."

Mama Stoo hakuwa mtu wa kupokea maneno bila kitu mkononi. Alitoa taa moja mfukoni akamkabidhi. "Hii ya upande gani?"

Mchana kweupe, jua limesimama utosini, mumewe aliipokea taa ile akaileta puani. Akaishusha. Akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kuzunguka kona, kama mtu anayechagua kitambaa gizani. "Kushoto," akasema. Akapewa ya pili. Kidole kikazunguka, kikafika konani, kikasimama, kikarudi kuhakikisha. "Kushoto," akasema tena. Akamgeukia fundi. "We bwana. Umenitilia kushoto mbili mfukoni?"

"Nilikuwa na haraka," akasema Kimya. "Nawe ungeangalia..." Akajiuma.

Hakuna aliyecheka. Mama Stoo alimtazama mumewe machoni, kwa karibu, macho yaleyale, masafi, ya kahawia, hayana hata alama ya kumuonya mtu. Yalikuwa yanatazama kidogo kando ya sikio lake.

"Yatapona?"

"Mshipa wa nyuma ya jicho unanyauka. Dawa ya matone inazuia kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda. Vipimo vya pale ghorofani na dawa vimekula laki tatu. Hilo nimelijua mwishoni. Mwanzoni nilidhani nitapona kabla ya tarehe moja, ndiyo maana nikataka viti na rangi vitangulie, nipate muda."

"Na breki? Breki nazo za chuma chakavu?"

Hapo mume alijinyoosha, akawa mrefu kama zamani. "Breki ni mpya. Kweli mpya. Mikanda nayo. Breki siwezi kudanganya mimi."

*

Mpango uliandikwa upya palepale, juu ya boneti, kalamu ya Mama Stoo na kinywa cha Kimya kilichorudi kazini kwa nguvu. Kwa huruma au kwa aibu, fundi alikubali kuweka taa kwa bei ya taa tu, mikono yake bure. Rejeta ya zamani ingezibwa, isibadilishwe. Viti na rangi vikafutwa. Kwenye nafasi yake Mama Stoo akaandika SHULE YA UDEREVA, MIMI, akaisoma mara mbili kama jina la mtu mwingine. Mikate inasambazwa alfajiri, stoo inafunguliwa saa mbili. Alikwenda kiwandani mwenyewe, akakaa benchi nusu siku, akaongezewa mwezi mmoja, wa mwisho, kwa maandishi.

Kwa hiyo gari lilikuwa linakwenda. Nyumbani ndiko kulikoanza kuwa kugumu, na si kwa namna aliyoitarajia mtu.

Mama Stoo aliacha kugomba. Kabisa. Alianza kuongea kwa sauti ya wodini: kikombe kiko mkono wa kulia, baba, kuna kizingiti, baba, kaa tu, baba, nitafanya mimi. Jina la Dereva likapotea mle ndani. Nyama ilikuja sahanini imetolewa mifupa. Vile vyuma vya sebuleni aliviuza chakavu kwa siku moja, karatasi zake za tarehe zikiwa bado zimebandikwa, ili mtu asijikwae. Jirani walimsifu. Wifi yake alilia, akaomba msamaha, akasahau kurudisha pasi.

Ijumaa mume aliomba atumwe yeye kununua betri. Mkewe alisita, akampa hela, akamsimamia mlangoni mpaka akapotea. Mume alikwenda na Kimya akimshika kiwiko, akachagua kwa uzito na kwa kugonga na kusikiliza, akabishana na muuzaji mpaka bei ikashuka. Wakaifunga kwenye gari, injini ikawaka, ikakohoa, ikatulia. Aliisikiliza robo saa nzima. Alirudi nyumbani na shati limeloa jasho, na uso ambao mkewe hakuwa ameuona tangu kampuni imwachishe kazi.

"Imewaka," akasema.

"Alhamdulillahi. Kaa upumzike, baba."

"Alitaka laki na nusu. Nimemtoa mpaka laki na ishirini."

"Vizuri sana."

Akatoa chenji mfukoni akaiweka mezani, noti juu ya noti, na risiti juu yake. Mama Stoo aliikusanya yote kwa kiganja kimoja, akaitia kwenye pochi, hata kuitazama hakuitazama. Risiti ilidondoka chini ya meza akaiacha.

"Hujahesabu," akasema mume.

"Ya nini? Nakuamini."

"Huenda nimekunywa soda mbili humo. Huenda nimeweka elfu kumi kwenye soksi."

"Hata kama, baba. Umechoka. Nikuletee maji?"

Hakukaa. Alibaki amesimama pale mezani, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, amegeukia mahali sauti ya Mama Stoo ilipokuwa inatoka, na mkewe akaona kidevu chake kinacheza. Alidhani amezidiwa. Alidhani ni matone, au kichwa, au anataka fimbo ya kutembelea na anaona haya kuitaja. Akaanza kupiga hesabu ya bei ya fimbo.

"Nina ombi," akasema.

"Sema, baba. Chochote."

"Siku zile ulipodhani naiba, ulikuwa unanitazama. Nilikuwa nakusikia unavyonitazama. Sasa hunitazami." Akaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Mtoto hashukiwi. Maiti hashukiwi. Mimi bado nipo hapa, mke wangu. Nakuomba, nishuku."